Shemeji Mnadani

Shemeji aliinua mkono tena, na mwenye vespa akainamisha uso kama mtu aliyedondosha kitu.

Dalali alitaja bei mpya kwa sauti. Walikuwa wamebaki washindani wawili tu: shemeji wa mwenye vespa, aliyejifanya hamjui mtu yeyote pale, na fundi mmoja wa gereji mwenye ovaroli ya mafuta. Kila bei ilipopanda, fundi alijitenga kando, akaongea na simu, kisha akarudi na kuongeza. Shemeji hakuwa hata na nauli ya kurudia nyumbani. Kazi yake ilikuwa kupandisha bei, basi.

Mwenye vespa alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Alifundisha uchumi wa Kiislamu, na kwa ukali wake juu ya haki sokoni wanafunzi walimbandika jina la Mizani. Mchezo huu wa mnadani aliujua kwa jina lake la vitabuni, najshi. Muhula huu huu aliutolea mhadhara mzima, akagonga meza na kusema kwamba anayepandisha bei ya kitu asichokitaka ni mwizi aliyevaa vizuri. Darasa lilicheka. Leo maneno yale yalimrudia, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

Lakini mama yake alikuwa wodini akisubiri upasuaji. Benki ingemkopesha kwa riba, na hiyo hakuitaka kuisikia. Wanafunzi nao walipopata habari, kiongozi wa darasa, binti mpole, alimfuata ofisini kumwambia wameanza kumchangia. Aliwakatalia, tena kwa maneno makavu. Mtu mzima, mwalimu, achangiwe na watoto wanaoshindia chai bwenini? Akaona heri auze vespa aliyoachiwa na baba yake, ile ambayo chuo kizima kiliijua kwa mlio. Wazo la mnadani lilikuwa la shemeji. Yeye alijitia kusita, kisha akakubali upesi mno.

"Shemeji, imetosha. Mwachie," alimnong'oneza alipopita karibu yake.

"Bado ana pumzi huyo, shemeji. Acha nimkamue kidogo."

Mkono ukapanda tena. Safari hii fundi aliongea na simu kwa muda mrefu, akarudi akijifuta jasho, akataja bei iliyomfanya hata dalali ageuke kumtazama. Shemeji akatulia. Vespa ikauzwa.

Mama akapasuliwa salama. Mhadhiri alishukuru, ila msikitini walipomtanguliza kuswalisha alisingizia kikohozi, akarudi safu ya nyuma. Kila alipokumbuka jasho la yule fundi alijiona hana thamani.

Wiki iliyofuata alikwenda kazini kwa miguu. Alikuta darasa zima limesimama nje ya ukumbi wa mihadhara, wengine wakishindwa kuficha vicheko. Kiongozi wa darasa akasogea, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Ulikataa mchango wetu, mwalimu, ndiyo maana tukamtuma fundi," alisema. "Kuna baba mmoja alitubana sana pale mnadani, mpaka ada za mtihani za baadhi yetu zikaingia humo, lakini tumeipata."