Joto Lililobaki

"Nyamusi, jua linazama. Zima hiyo kitu," mama mkwe alisema kutoka mlangoni.

Sabato ilikuwa inaingia, na katika boma lile hakuna aliyepika Sabato. Stima zilikuwa zimepotea mchana kutwa, ndiyo maana keki ya wageni wa matanga ilichelewa.

Nyamusi alichungulia kupitia kioo cha oveni ya umeme. Pembeni keki ilikuwa imeumuka, katikati ingali inatikisika kama uji. Mumewe ndiye aliyeileta oveni hiyo, na sharti lake lilikuwa moja: keki ikiwa ndani usifungue mlango, itabonyea.

Alizima. Mlango hakuufungua.

"Itaiva na joto lililobaki, mama."

Aliketi sakafuni, akaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa bado cha moto. Hakuondoa mkono. Nje, wageni walianza wimbo wa kufungua Sabato.

Joto lilipungua taratibu chini ya vidole vyake. Wiki iliyopita, hospitalini, alikuwa ameushika mkono wa mumewe vivi hivi, mpaka ukapoa.

Mama mkwe alikuja akaketi kando yake, naye akaweka kiganja kiooni.

"Bado iko na joto," alisema.