Kurasa za Mbele

Kila siku dada wa kazi aliandika sentensi moja ya Kiingereza kuhusu hali ya Bibi kwenye daftari lake, akaipiga picha na kumtumia binti wa Bibi aliyeishi ng'ambo. Dada mwenyewe aliishia shule ya msingi. Aliyemfundisha ni mwenye nyumba, mtoto wa kiume wa Bibi.

"Si 'happy of the food', dada. Ni 'happy with'. Yaani chakula kinamfurahisha."

Leo Jumatatu akamfungulia kurasa za mbele, zilizokuwa bado tupu.

"Jaza wiki nzima kabisa. Kuanzia Jumatano andika 'tired of food', chakula kimemchosha. Ijumaa acha wazi, nitaandika mwenyewe."

"Bosi, Ijumaa si bado?"

"Wewe andika tu. Na supu yake leo nampikia mimi."

Akaenda jikoni akipiga mluzi.

Chumba cha pili, Bibi alikuwa akimumunya mkate kwa raha zake. "Mjukuu wangu, niongezee kipande!" alimwita dada. "Njaa haijaniacha bado!"

Mluzi ulipomfikia, aliacha kutafuna. Tonge likabaki limetuna shavuni.

Dada alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Akarudi kwenye mstari wa Jumatatu, akaandika polepole, bila kosa hata moja: "Mother is afraid of her son." Mama anamwogopa mwanawe. Akapiga picha, akaituma.

"Umefika wapi?" Bosi aliuliza kutoka jikoni. Kijiko kilikuwa kikigonga bakuli.

"Namalizia, Bosi."

Akaingia chumbani kwa Bibi, akafunga mlango, akasukuma komeo.