Anayemaliza Betri

Mwanabaraka alizungusha ufunguo, gari likasema tik, kisha kimya. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia. Boneti ilikuwa nyeupe kwa barafu, na kule Hounslow kulikuwa na bibi kizee asiyeweza kujinyanyua kitandani, anamsubiri aje amwogeshe na kumpa dawa.

Aliinua kiganja afute kioo cha mbele. Akasita. Ukungu ulikuwa kwa ndani.

Akampigia simu mdogo wake Muhsin, fundi wa umeme wa magari. Muhsin aliishi Walthamstow, upande wa pili kabisa wa London, lakini alitokea kwenye kona ya mtaa wao wa Hayes kabla dada yake hajamaliza kikombe cha chai.

"Leo umewahi!"

"Nilikuwa na kazi huku karibu, dada." Akatoa kwenye mkoba kile kibetri chake cha kubustia, cha kuamshia gari lililokufa betri. "Halijawaka tena?"

"Tena. Kila siku ni yale yale."

"Gari mtu mzima hili. Nyaya zimechoka, umeme unavuja. Na baridi haina huruma kwa betri."

"Si juzi tu umeniwekea mpya?"

Muhsin aliinama chini ya boneti.

Gari lilipowaka aliomba aingie ndani anawe grisi mikononi. Akakaa bafuni muda mrefu kama bwana harusi. Alitoka ananukia sabuni, akala chapati kwa pupa huku amesimama. Mwanabaraka akamtazama kwa fahari. Jana tu alimwambia mama yao kule Pemba kwamba Muhsin ametulia sasa: ana gereji inayomwamini, ana nyumba yake ya kupanga, hamwombi mtu.

Lakini ule ukungu haukumtoka akilini. Betri haivuti pumzi.

Akaanza kuangalia. Kiti cha abiria alikikuta kimelazwa mpaka nyuma. Tundu la kuwashia sigara lilikuwa bado vuguvugu, na nyumbani kwao hakuna aliyevuta sigara. Ufunguo wa akiba ulikuwa umetoweka kwenye droo. Alipomuuliza mumewe, Ameir alisema labda umepotea, na alisema hivyo akiwa amegeukia sinki.

Ameir huyu, ambaye hata kufungua boneti hajui, siku hizi kila wakimaliza kula alivaa koti akasema anakwenda kuhakikisha taa za gari zimezimwa. Jioni moja Mwanabaraka alimwona kupitia dirisha la jikoni. Chini ya koti palituna sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

Alimngoja mlangoni. "Ile sahani ulikuwa unampelekea nani?"

"Paka."

"Paka gani anayekula pilau na kachumbari?"

Ameir akacheka. Alicheka peke yake.

Kisha Lorraine, jirani yao, akamsimamisha penye mapipa ya taka. Alikuwa hataki kuingilia ya watu, akasema, lakini alimwona Ameir ameegemea dirisha la gari akizungumza na mtu aliyekaa ndani. Vioo vilikuwa na ukungu, mtu mwenyewe hakumwona. Ila walikuwa wananong'ona.

Mwanabaraka hakulia. Alipanda juu, akateremsha sanduku lake la safari kutoka juu ya kabati, akalisukuma chini ya kitanda likiwa wazi.

Gari lilipokataa tena, alimweleza Muhsin yote. Fundi akabadilika uso.

"Dada, usimdhanie shemeji vibaya. Wallahi ni nyaya tu."

"Nyaya zinakula pilau?"

"Shemeji ni mtu mwema. Pengine hujui wema wake ulivyo."

"Mtetee tu. Wanaume nyote lenu moja."

Muhsin akaanza kukusanya vifaa vyake. Mwanabaraka akamsindikiza kwa macho. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Hata ndugu yake wa tumbo moja keshapangwa na Ameir.

Alfajiri ya Ijumaa alipoamka, upande wa Ameir kitandani ulikuwa mtupu. Kawahi msikitini, ndivyo alivyozoea kusema. Mwanabaraka akajitupia koti juu ya kanga, akashuka ngazi pole pole, akatoka nje. Baridi ikamkata masikio.

Taa ndogo ya ndani ya gari ilikuwa inawaka kwa ulegevu. Vioo vyote vilikuwa vyeupe kwa pumzi. Akasogea akachungulia penye upenyo mdogo uliobaki. Waya mnene, kama wa kipasha joto, ulitoka kwenye lile tundu la sigara, ukaingia chini ya blanketi la maua mekundu, blanketi lao la wageni, waliloletewa siku ya harusi. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka.

Wamefikia kulala! Na chini ya blanketi lake!

Alitaka kugonga kioo, mkono ukakataa. Hakuwa tayari kuziona sura hizo akiwa peke yake. Akarudi nyuma mpaka kwenye lango, akatoa simu. Aje Muhsin aone kwa macho yake, aache kumtetea mtu. Hata akichukua saa nzima kutoka huko kwake, angesimama hapo hapo na baridi yake, na mtu asingetoka ndani ya gari hilo bila kupita mbele yake.

Akapiga. Simu ikaita sikioni mwake.

Ikaita na ndani ya gari.

Blanketi likafunuka, mkono ukapapasa dashibodi.

"Naam, dada," ikasema sauti ya Muhsin, nzito kwa usingizi. "Usijali, nshatoka nyumbani. Hivi sasa niko kwenye treni."