Mlalo wa Maiti

Shebe alizoea kuwacheka wajinga, lakini siku hiyo mjinga alikuwa yeye mwenyewe. Ugonjwa wa tezi ya shingo ulimwendesha mkewe, Mashavu, moyo mbio, na mashine ya dawa ya ukutani haikuwa ikitoa vidonge vyake mpaka kikuku cha kupima mapigo alichovaa mkononi kithibitishe kwamba amefanya yoga. Asubuhi hiyo mikono ilimtetemeka, akashindwa. Shebe akakivaa kikuku yeye, akajinyoosha chali mkekani kwa mlalo wa maiti, lile zoezi la mwisho la yoga, akakoroma.

Mashine ikatangaza: "Moyo umetulia. Mgonjwa amepona. Vidonge vimesitishwa."

Na aliyetangazwa mzima hakuwa na pa kukata rufaa.

"Hongera, mke wangu, umepona!" Shebe alijaribu utani. "Si nilikuwa nakusaidia?"

Mashavu akajishika shingo iliyovimba. "Kunilalia mkekani umeweza, baba Zuhra. Na kaburini utanilalia?"