Ubeti wa Jina

Mlango wa uani ulipolia, mkono wa Bwanaheri ulikimbilia sindano ya gramafoni.

Tangu mjini Shangani hadi huku kijijini Mahurunga alikuwa akiwatafuta walioimba na kupiga katika santuri hii ya kabla ya vita. Wapigaji wote walikwisha kufa. Amebaki mwimbaji, bibi huyu anayemenya mihogo, ambaye wimbo ulipoanza alinong'ona, "Mwanangu, mume wangu hajui kuwa huyo ni mimi. Alisema mwanamke wa ngoma haolewi naye."

Na mume ndiye huyo anayeingia, jembe begani.

"Leo kwangu kuna harusi, mbona sikualikwa?" akacheka. "Nani huyo anaimba?"

"Mtu wa zamani, mzee," Bwanaheri akajibu.

Ubeti wa mwisho ulikuwa unakaribia. Humo, kama ilivyokuwa desturi ya waimbaji wa zama zile, bibi alikuwa ametaja jina lake na la baba yake.

Kisu chake kilikuwa kimemaliza maganda, sasa kilikuwa kinakata nyama nyeupe ya muhogo, vipande vikianguka mchangani.

Bwanaheri akaigusa sindano ili aiinue. Vidole vyenye maji ya muhogo vikamshika mkono.

"Iache," bibi akasema kwa sauti, kisha akamgeukia mumewe. "Kaa, bwana. Sikiliza."