Kanga Juu ya Mashine

Kwa miaka tisa kumbukumbu za hospitali ya wazazi zilikaa ng'ambo, kwenye mashine za kukodi, na kila daftari la zamani lilipofunguliwa, hospitali ililipa. Leo zilikuwa zimerudi nyumbani. Bi Tausi, karani mkuu, alilikodolea macho sanduku jeusi la kompyuta lililochukua nafasi ya makabati kumi na mawili ya mafaili.

"Wote wamo humu?"

"Wote, mama," alijibu fundi Shemdoe. "Kila aliyezaliwa hapa tangu daftari la kwanza."

Bi Tausi akatoa kanga aliyojitanda mabegani, akalifunika sanduku lisiingie vumbi, kama anavyoifunika redio yake nyumbani.

"Mama, utaiua mashine! Inapumua hiyo!"

Akaifunua upesi. Hewa vuguvugu ikampuliza kiganjani, tulivu, kama ya mtu aliyelala. Mkono ukagoma kuondoka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi nilizaliwa hapa, na mama yangu akafa siku hiyohiyo. Tangu niajiriwe hapa sikuthubutu kuitia hospitali gharama kwa ajili yangu. Sasa tutafute."

Shemdoe akaandika majina mawili aliyotajiwa, la mama na la mtoto. Taa ndogo ya kijani ikawa inawaka na kuzima, na ile pumzi kiganjani mwa Bi Tausi ikaanza kwenda mbio.