Saa Kumi na Saba Angani

"Ndege yake inachukua muda gani?" baba mdogo aliuliza.

"Saa kumi na saba," Zamzam alijibu, simu ikiwa bado sikioni. Kaka yake alikuwa kwenye kiwanja cha ndege cha huko ughaibuni.

"Basi hatumngoji. Mama yenu tunamzika alasiri hii. Mwambie asijisumbue."

Kaka hakumsikia. "Zamu, ni kilomita elfu kumi na mbili, lakini nafika. Wanatuita tupande. Mtaningoja nimshushe mama kaburini mwenyewe?"

Wanawake waliokuwa wakimwosha mama walimwita Zamzam kwa mkono.

"Panda, kaka," alisema. "Usije ukaachwa."

Akazima simu. Akaingia ndani, akapokea kata, akaanza kummwagia mama maji miguuni, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.